Maneno ya kemia ndani ya donge la magadi

Anayenunua donge la magadi sokoni hutaka kitu kimoja tu: maharage yaive upesi kabla mkaa haujaisha. Mwalimu wa kemia akipewa donge hilohilo anaweza kulifundishia karibu muhula mzima. Ndani yake mna kila neno linalomtoa jasho mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili: elementi, kampaundi, mchanganyiko, atomu, ioni, molekuli, moli, besi, chumvi.

Fasili za maneno haya si ngumu. Kwamba atomu ni chembe ndogo kabisa ya elementi, mtoto anakariri kwa dakika mbili. Ugumu unakuja kwa sababu maneno hufundishwa kama orodha, moja chini ya jingine, kana kwamba yote ni ya jamii moja. Baadhi yanataja vitu vya kushikika, vinavyopimwa kwa mizani na kutiwa kwenye chupa: maada, kampaundi, mchanganyiko, myeyusho. Mengine yanataja chembe ambazo jicho peke yake haliwezi kuziona: atomu, molekuli, ioni, elektroni. Neno moja, elementi, lina mguu huku na mguu kule, na neno jingine, moli, kazi yake ni kuunganisha pande hizo mbili. Kila ukikutana na istilahi mpya ya kemia, jiulize kwanza iko upande gani. Makosa mengi ninayoyaona kwenye madaftari yanatokana na kuruka swali hilo.

Safi na mchanganyiko

Tuanze na upande unaoonekana. Maada ni chochote chenye masi na kinachochukua nafasi. Hapo hakuna ubishi, tusonge mbele. Swali lenye uzito ni kama maada uliyonayo ni dutu safi au mchanganyiko.

Donge la sokoni ni mchanganyiko. Ukilivunja unaona mistari ya kahawia, vumbi, pengine na chembe za mchanga. Yamo pia yasiyoonekana, kama chumvi ya kawaida na floraidi. Mchanganyiko hauna kipimo maalumu: donge moja linaweza kuwa na udongo mwingi, la pili kidogo, na yote mawili bado ni magadi. Vilivyomo pia havijaungana kikemia, kwa hiyo vinaweza kutenganishwa kwa njia nyepesi. Watia donge kwenye maji, udongo unatuama, unachuja kwa kitambaa, na kinachopita ni myeyusho.

Myeyusho nao ni mchanganyiko, ila ni mchanganyiko sare: tone la juu na tone la chini yana kiasi kilekile cha magadi. Tope si sare, maana likiachwa hujitenga. Wanafunzi wengi wakiona maji meupe kabisa wanayaita dutu safi kwa kuwa tu hayana uchafu wa kuonekana. Katika kemia usafi hauhusiani na weupe. Maji ya bahari yaliyo angavu kabisa ni mchanganyiko wenye takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali kwa kila lita.

Sasa acha myeyusho ule ukauke. Ndivyo inavyotokea kwenye Ziwa Magadi kusini mwa Kenya na Ziwa Natron upande wa pili wa mpaka, Tanzania. Chemchemi za maji moto huleta maji yenye sodiamu na kaboneti, jua la Bonde la Ufa linayavukiza, na maji yakishindwa kubeba zaidi, fuwele zinaanza kujijenga. Hali hiyo ya kushindwa kubeba zaidi huitwa kukifu: myeyusho umekifu pale ambapo ukiongeza hata punje haitayeyuka tena. Fuwele zinazoota hapo kwa wingi ni za trona, madini yenye sodiamu kaboneti na bikaboneti ambayo ndiyo sehemu kubwa ya magadi, na trona iliyosafishwa vizuri ni dutu safi. Ukiichukua kutoka Ziwa Magadi au kutoka machimbo makubwa ya Wyoming, Marekani, utakuta uwiano uleule wa sodiamu, kaboni, oksijeni na hidrojeni. Mfaransa Joseph Proust, aliyekuwa akifanya kazi Hispania mwishoni mwa karne ya 18, ndiye aliyesimamia hoja hii kwa ukaidi hadi ikakubalika: kampaundi ina uwiano usiobadilika, popote ilipotoka.

Kwa hiyo kampaundi ni dutu safi iliyoundwa na elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemia kwa uwiano maalumu. Huwezi kuitenganisha kwa kitambaa wala kwa sumaku. Inahitaji badiliko la kikemia.

Elementi yenye maana mbili

Mwaka 1789 Antoine Lavoisier alichapisha jijini Paris orodha ya vitu 33 alivyoviona kuwa sahili, yaani visivyoweza kugawanywa zaidi. Fasili yake ilikuwa ya unyenyekevu: elementi ni kile ambacho bado hatujaweza kukivunja. Leo orodha ile inachekesha kidogo, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na mwanga na joto. Lakini magadi yaliyosafishwa hakuyaweka. Alishuku kwamba yana kitu kingine ndani, ingawa hakuwa na njia ya kukitoa, na mwaka 1794 mapinduzi ya Ufaransa yalimkata kichwa kabla hajajua kama alikuwa sahihi.

Alikuwa sahihi. Mwaka 1807 Humphry Davy, London, alipitisha umeme wa betri kubwa kwenye kostiki soda iliyoyeyushwa kwa moto, ile inayotumika kutengenezea sabuni na ambayo yenyewe hupatikana kwa kuchanganya magadi na chokaa. Akapata metali laini, inayong'aa kama fedha, inayokatika kwa kisu, ambayo ikiguswa na maji huchachamaa na inaweza kulipuka. Ndiyo sodiamu.

Hapa mwanafunzi makini huuliza swali zuri: kama magadi yana sodiamu, na sodiamu hulipuka kwenye maji, mbona sufuria ya maharage hailipuki?

Jibu ni kwamba neno elementi linatumika kwa maana mbili, na vitabu mara nyingi havisemi. Maana ya kwanza ni dutu: ile metali ya Davy, inayohifadhiwa ndani ya mafuta ya taa. Maana ya pili ni aina ya atomu: atomu zote zenye protoni 11 (chembe zenye chaji chanya) kwenye kiini, yaani kitovu cha atomu, ni za elementi ya sodiamu, ziwe peke yake kama metali, ziwe ndani ya magadi, ziwe kwenye damu yako. Tunaposema magadi yana sodiamu tunatumia maana ya pili. Metali haimo hata punje.

Maana hiyo ya pili ilikuja kukaa sawa baada ya kazi ya Henry Moseley wa mwaka 1913, aliyetumia miali ya eksirei kuonyesha kwamba kila elementi ina namba yake, na kwamba namba hiyo inaakisi chaji ya kiini. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27. Namba hiyo ndiyo namba ya atomu, na ndiyo kitambulisho pekee cha elementi. Badilisha idadi ya elektroni, elementi ni ileile. Badilisha idadi ya nyutroni, bado ni ileile. Badilisha protoni moja tu, umepata elementi nyingine. Jedwali la elementi, ambalo Dmitri Mendeleev alilitoa mwaka 1869 likiwa na elementi 63 na nafasi alizoziacha wazi kwa makusudi, leo lina elementi 118 na limepangwa kwa namba hiyo.

Atomu na isotopu

Hapa tumevuka kwenda upande wa chembe. Atomu ina kiini chenye protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, zisizo na chaji. Elektroni zenye chaji hasi ziko nje ya kiini. Masi yake karibu yote iko kwenye kiini. Haya yalijulikana kwa awamu: J. J. Thomson aligundua elektroni mwaka 1897, Ernest Rutherford akaeleza kiini mwaka 1911, James Chadwick akathibitisha nyutroni mwaka 1932. Atomu ya sodiamu ina protoni 11, elektroni 11 na nyutroni 12. Jumla ya protoni na nyutroni, yaani 23, ni namba ya masi.

Isotopu ni atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni. Sodiamu haifai kwa mfano huu kwa kuwa sodiamu ya asili ina isotopu moja tu iliyo thabiti. Jirani yake potasiamu anafaa zaidi. Kiasi kidogo mno cha potasiamu iliyo kwenye miamba ni potasiamu-40, ambayo hubadilika polepole, na sehemu yake huwa gesi ya argoni inayonaswa ndani ya mwamba uliopoa. Nusu ya potasiamu-40 huisha kwa takriban miaka bilioni 1.25. Ukipima argoni iliyonaswa na potasiamu iliyobaki, unapata umri wa mwamba. Njia hiyo ndiyo iliyotoa umri wa takriban miaka milioni 1.75 kwa tabaka la Bonde la Oldupai, Tanzania, ambamo Mary Leakey alikuta fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959, mahali pasipo mbali sana na Ziwa Natron. Kabla ya hapo wengi walidhani binadamu wa kale wa namna ile ni wa juzijuzi, kwa kipimo cha miamba.

Molekuli ya chumvi haipo

Sasa sehemu inayopotosha kuliko zote. Ioni ni atomu, au kundi la atomu zilizoungana, lenye chaji kwa sababu limepoteza au limepata elektroni. Atomu ya sodiamu ikipoteza elektroni moja inabaki na protoni 11 na elektroni 10, kwa hiyo ina chaji chanya moja, Na⁺. Kaboneti ni kundi la kaboni moja na oksijeni tatu lenye chaji hasi mbili, CO₃²⁻. Bikaboneti ina hidrojeni ya ziada na chaji hasi moja, HCO₃⁻.

Molekuli ni kundi la atomu zilizofungamana kwa kushirikiana elektroni, lisilo na chaji, linaloweza kuhesabika kama kitu kimoja kinachojitegemea. Maji ni molekuli: atomu mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni, zinatembea pamoja. Kaboni dayoksaidi ni molekuli. Oksijeni tunayoivuta pia ni molekuli, O₂, ingawa si kampaundi, maana elementi iko moja. Basi si kila molekuli ni kampaundi.

Na si kila kampaundi ina molekuli. Sodiamu kaboneti, Na₂CO₃, iliyomo kwenye magadi, haina molekuli. Ndani ya fuwele yake ioni za sodiamu na za kaboneti zimepangana safu kwa safu kila upande, kila ioni ikivutwa na majirani zake wengi kwa pamoja. Hakuna sodiamu mbili zinazoweza kuoneshwa kwamba hizi ndizo mali ya kaboneti ile. Fomula Na₂CO₃ inataja uwiano tu: sodiamu mbili kwa kila kaboneti moja. Chumvi ya mezani, NaCl, ni vivyo hivyo. Kuandika kwamba NaCl ni molekuli ya chumvi ni kosa, hata kama umelikuta kwenye kitabu kilichochapishwa vizuri na chenye jalada la rangi. Neno sahihi ni kizio cha fomula.

Magadi yana uzuri mwingine: aina mbili za vifungo vya kikemia zimo pamoja. Ndani ya kaboneti yenyewe, kaboni na oksijeni zinashirikiana elektroni. Hicho ni kifungo kovalenti. Kati ya kaboneti na sodiamu kuna mvutano wa chaji kinzani. Hicho ni kifungo cha ioni. Ukitia magadi majini kifungo cha ioni ndicho kinacholegea. Kaboneti inabaki kaboneti. Ndiyo maana magadi makavu hayapitishi umeme lakini myeyusho wake unapitisha: ioni zimepata uhuru wa kutembea.

Jina ioni lilianza kutumiwa na Michael Faraday mwaka 1834, lakini yeye aliamini umeme ndio unaozizalisha. Msweden Svante Arrhenius aliandika katika tasnifu yake ya mwaka 1884 hoja zilizomfikisha kwenye wazo kwamba ioni zimo tayari kwenye myeyusho hata bila umeme. Wasahihishaji wa Uppsala walimpa alama za kusikitisha. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Jozi ya kukumbuka hapa ni floraini na floraidi. Floraini ni elementi, F₂, gesi ya rangi ya manjano hafifu inayounguza karibu kila inachokigusa. Floraidi ni ioni, F⁻, imo kwenye dawa ya meno. Tofauti yao ni elektroni. Gazeti likiandika kwamba maji ya kisima yana floraini nyingi, limekosea, maana gesi hiyo haiwezi kukaa ndani ya maji bila kumenyuka nayo.

Badiliko gani ni la kikemia

Kuyeyuka kwa barafu ni badiliko la kimaumbile. Kuungua kwa kuni ni la kikemia. Mifano hii imezoeleka mno kiasi kwamba haifundishi tena. Mfano bora uko kwenye Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkeno wenye kimo cha takriban mita 2,960 kusini mwa Ziwa Natron. Lava yake haifanani na ya volkeno nyingine inayotoa lava leo popote duniani: badala ya kuwa na silika kwa wingi, imejaa kaboneti za sodiamu na kalisi. Hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, ilhali lava ya kawaida ya basalti huzidi 1,000. Mchana haionekani kuwaka. Inatiririka nyeusi kama mafuta machafu ya gari. Moja ya madini yake makuu linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na fomula yake ni Na₂Ca(CO₃)₂.

Lava hiyo ikipoa na kuganda, hilo ni badiliko la kimaumbile: kimiminika kimekuwa yabisi, madini ni yaleyale. Halafu, kwa muda mfupi, mwamba mweusi unageuka mweupe. Mtazamaji atadhani umekauka tu au umepauka kwa jua. La hasha, umekunywa unyevu wa hewa na mvua, na madini yake ya asili yamegeuka kuwa mengine, trona ikiwamo. Dutu mpya zimezaliwa, kwa hiyo badiliko ni la kikemia, ingawa hakuna moto, moshi wala kishindo. Usitafute kishindo. Uliza kama dutu iliyopo sasa ni ileile iliyokuwapo.

Mlinganyo wa kikemia huandika badiliko kama hilo kwa alama. Trona ikipashwa moto kiwandani, inatoa sodiamu kaboneti inayokwenda kutengenezea vioo na sabuni za unga:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Namba ndogo za chini ni sehemu ya utambulisho wa dutu, huwezi kuzigusa. Namba kubwa za mbele ni idadi, na ndizo unazobadilisha ili atomu za kushoto zilingane na za kulia. Mwanafunzi anayesawazisha mlinganyo kwa kubadilisha H₂O kuwa H₂O₂ ameleta dutu nyingine kabisa, dawa ya kusafishia vidonda. Hesabu mwenyewe kwenye mlinganyo wa juu: kila upande una sodiamu 6, kaboni 4, hidrojeni 10 na oksijeni 16. Hakuna kilichopotea, hata kama mvuke na gesi vimepaa na donge limekuwa jepesi.

Moli

Muuza khanga wa jumla hahesabu moja moja. Huhesabu kwa korija, vipande ishirini. Moli ni jina la idadi kwa namna hiyohiyo, ila idadi yake ni 6.02214076 × 10²³. Tangu Mei 20, 2019 idadi hiyo imewekwa kuwa kamili, haibadiliki. Zamani ilifasiliwa kwa kutaja atomu zilizomo kwenye gramu 12 za kaboni-12.

Idadi hiyo ilichaguliwa kwa hila nzuri. Masi ya atomu za sodiamu kwenye jedwali ni 23; moli moja ya atomu hizo ina gramu 23. Kaboni ni 12, oksijeni 16, hidrojeni 1. Kizio kimoja cha trona kina sodiamu 3, kaboni 2, oksijeni 8 na hidrojeni 5, kwa hiyo masi ya moli moja ni 69 + 24 + 128 + 5, sawa na gramu 226. Sasa mizani ya dukani imegeuka kuwa chombo cha kuhesabia chembe. Gramu 10 za trona safi ni 10 gawanya kwa 226, takriban moli 0.044. Kila kizio kina ioni tatu za sodiamu, hivyo una moli 0.133 za sodiamu, ambazo ni ioni takriban 8 × 10²².

Rudi kwenye mlinganyo wa kiwandani. Moli mbili za trona ni gramu 452. Zinazotoka ni moli tatu za kaboneti, gramu 318. Moli moja ya kaboni dayoksaidi, gramu 44. Na moli tano za maji, gramu 90. Jumlisha: 452. Meneja wa kiwanda akitaka tani 318 za bidhaa anajua anahitaji tani 452 za trona safi, bila kuona atomu hata moja.

Chumvi isiyo na ladha ya chumvi

Jikoni chumvi ni moja. Katika kemia chumvi ni jamii nzima: kampaundi ya ioni inayoweza kupatikana asidi ikimenyuka na besi. Magadi ni chumvi kwa maana hii, ingawa ladha yake ni ya uchungu kama sabuni.

Arrhenius alisema asidi hutoa ioni za hidrojeni, H⁺, kwenye maji, na besi hutoa ioni za haidroksaidi, OH⁻. Kostiki soda, NaOH, inakaa vizuri ndani ya fasili hiyo. Magadi hayakai. Fomula ya sodiamu kaboneti haina OH popote, lakini myeyusho wake unageuza karatasi nyekundu ya litimasi kuwa ya buluu na unateleza vidoleni. Mwaka 1923 Johannes Brønsted, Copenhagen, na Thomas Lowry, Cambridge, kila mmoja kwa njia yake, walitoa fasili pana zaidi: asidi ni kinachotoa H⁺, besi ni kinachoipokea. Kaboneti inapokea H⁺ kutoka kwa maji yenyewe, na maji yaliyonyang'anywa yanabaki kuwa OH⁻:

CO₃²⁻ + H₂O ⇌ HCO₃⁻ + OH⁻

Mshale wa pande mbili unaonyesha kwamba mmenyuko unaenda na kurudi, haukamiliki. Besi inayoyeyuka majini huitwa alkali. Kwa hiyo kila alkali ni besi lakini si kila besi ni alkali.

Hizo OH⁻ ndizo zinazosaidia kuivisha maharage, kwa kulegeza pektini inayoshikilia kuta za seli, nazo ioni za sodiamu hukaa mahali pa kalisi iliyokuwa ikizikaza. Alkali hiyohiyo huharibu sehemu ya vitamini B1, kwa hiyo wanaosema magadi yazidi kidogo tu ndiyo chakula kinoge hawajasema yote. Ukikamulia ndimu kwenye magadi, asidi yake inakutana na kaboneti, maji yanatokea, na povu unaloona ni kaboni dayoksaidi.

Kipimo cha pH kilitolewa na Søren Sørensen mwaka 1909 kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali, na kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya Ziwa Natron huzidi 9 na yanaweza kupita 10. Kwenye pH 10 ioni za hidrojeni ni chache mara elfu moja kuliko kwenye maji ya 7. Wanyama wengi hawawezi kuyavumilia, na ndiyo maana heroe wadogo wanajenga viota vyao humo bila bughudha ya mbweha.

Maneno mawili yatenganishwe hapa: ukali na ukolezi. Asidi kali ni ile ambayo karibu chembe zake zote huachana na H⁺ zikiingia majini, kama asidi ya haidrokloriki. Asidi dhaifu huachia chache tu. Kwenye siki ya mezani, zilizoachia hazifiki hata asilimia 1. Ukolezi ni wingi wa dutu ndani ya ujazo fulani wa myeyusho. Unaweza kuwa na asidi dhaifu iliyokolea sana na asidi kali iliyozimuliwa mpaka haidhuru. Kuongeza maji hubadilisha ukolezi. Ukali ni tabia ya dutu yenyewe.

Neno ukolezi lina watu wake kaskazini mwa Tanzania, kwenye vijiji vinavyozunguka Meru na Kilimanjaro, ambako meno ya kahawia ni jambo la kawaida. Floraidi hutoka kwenye miamba ya volkeno, huingia kwenye maji, na magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa huongeza nyingine kwenye chungu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Mtu aliyezoea kuchemsha maji kwa ajili ya usalama anaweza kudhani amemaliza kazi. Moto huua vijidudu, ila ioni haifi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki ileile, ukolezi unapanda.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuiondoa. Madini ya mfupa, ambayo ni ndugu wa madini ya jino, ni chumvi ya kalisi, fosfeti na haidroksaidi. Maji yakipita, floraidi inaingia mahali pa haidroksaidi ndani ya fuwele, na haidroksaidi inatoka na maji. Ioni hizo mbili zina chaji sawa na ukubwa unaokaribiana, kwa hiyo fuwele inazikubali zote. Nafasi hizo zikishajaa, mkaa haushiki tena, nao hubadilishwa.